Njia za Faili Zisizovunjika Unapohama Kompyuta

Mtu anayeandika programu mjini Tanga kwenye Windows, kisha akaipeleka kwenye seva ya Linux, hukutana mapema na tatizo la njia za faili, yaani maandishi yanayoonyesha faili ilipo, kwa kuwa Windows hutenganisha folda kwa mkwaju ulioinamia nyuma (\), ilhali Linux na macOS hutumia mkwaju wa kawaida (/). Katika lugha ya programu ya Python, ukiandika "mikoa\tanga.csv", alama \t husomeka kama nafasi ya tabo na faili haipatikani; jina la mji wetu, kwa bahati mbaya, ni mtego kamili.

Usiunganishe njia kwa mkono. Tumia pathlib, maktaba ya kushughulikia njia za faili, iliyomo ndani ya Python tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014: andika Path("mikoa") / "tanga.csv", nayo itachagua mkwaju unaoufaa mfumo husika. Anzia kwenye folda ya programu yenyewe, kwa Path(__file__).parent, badala ya kuandika C:\Users, ambayo kwenye seva haipo.

Majina ya faili yawe ya herufi ndogo daima, kwani Linux huona Tanga.csv na tanga.csv kuwa faili mbili, wakati Windows kwa kawaida huziona kuwa moja.