Mti Mrefu Karibu na Nyumba: Anza Kutazama Chini

Miti inayoleta maneno kati ya majirani Mbeya, Iringa, Mafinga na Njombe ni ile ile: mkaratusi, ambao wengi huku huuita mlingoti, paini, msederi, mgrevilia, na mparachichi ulioachwa ukapanda juu bila kupogolewa. Lalamiko nalo ni lile lile: "Ule mti umerefuka mno." Lakini urefu peke yake hauangushi mti. Urefu unakuambia mti utafika wapi ukianguka. Kama utaanguka au hautaanguka, jibu liko kwenye kitako cha shina, mizizi na udongo, na huko watu wengi hawatazami kabisa.

Urefu wenyewe upime, usiukisie, kwa sababu mtu mwenye hofu huongeza mita. Njia ya kijiti inatosha. Nyoosha mkono mbele, shika kijiti wima, na kipande kinachobaki juu ya ngumi kiwe sawa na umbali kutoka jichoni mpaka kwenye ngumi. Rudi nyuma polepole mpaka ncha ya kijiti ikutane na kilele na ngumi ikutane na kitako cha mti. Pima kwa tepu kutoka hapo uliposimama mpaka kwenye shina: huo ndio urefu, kwa makosa madogo. Kwenye mteremko, kama maeneo mengi ya Mbeya na Njombe, usirudi nyuma ukipanda au kushuka. Tembea ukikingama mteremko ili ubaki usawa mmoja na kitako cha mti. Kwenye tambarare, siku ya jua, unaweza kutumia kivuli: kijiti cha mita 1 kikitoa kivuli cha sm 80 na mti ukitoa kivuli cha mita 20, gawanya 20 kwa 0.8, upate mita 25.

Ongeza mita 3 hivi kwa matawi yanayorushwa mti unapogonga ardhi. Nyumba ikiwa nje ya hapo, hesabu imeisha. Ikiwa ndani, endelea.

Mizizi

Zungusha tepu kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini, ugawanye mzunguko kwa 3.14. Mzunguko wa sm 126 ni kipenyo cha sm 40. Zidisha kipenyo mara 12: kwa mti huo ni mita 4.8 kila upande, na hilo ndilo eneo la mizizi ambalo halitakiwi kuchimbwa ovyo. Ndani yake kuna duara dogo, takribani mara 3 ya kipenyo, yaani mita 1.2 kila upande, lenye mizizi minene inayoushikilia mti usimame. Sehemu kubwa ya mizizi iko kwenye sm 60 za juu za udongo. Sasa fikiria msingi wa ukuta wa uzio: mtaro wa sm 60 kwenda chini, uliopita mita moja kutoka kwenye shina. Huo mtaro umekata karibu kila kitu kilichokuwa kinashika upande ule.

Mti uliokatwa mizizi mara nyingi hauanguki siku hiyo. Unaweza kusimama miaka miwili au mitatu, majani ya kijani, huku ncha zilizokatwa zikioza taratibu. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mwenye mti halihusu umri wala aina. Muulize: miaka mitano iliyopita nani amechimba hapa? Msingi, bomba la maji, shimo la choo, barabara iliyochongwa, kifusi kilichomwagwa kwenye shina, vyote hivyo vinahesabika. Kifusi cha sm 30 juu ya mizizi huinyima hewa, nacho huua bila kelele.

Kisha inama utazame udongo wenyewe. Ufa wa nusu duara upande ulio kinyume na mwinamo, au udongo uliovimba kama kitu kinasukuma kutoka chini, maana yake mizizi imeanza kuachia. Siku ya upepo wa wastani, ukiwa umesimama mbali kuliko urefu wa mti, angalia kitako: udongo ukiinuka na kushuka kila tawi linapoyumba, kama unapumua, usisubiri mwezi mwingine. Hamisha vitanda kutoka vyumba vya upande ule na utafute fundi wiki hiyo hiyo.

Mwinamo nao una namna mbili. Mti ulioinama zamani una shina lililopinda: chini limelala, juu limejirudi kuelekea jua. Huo umezoea, na mbao yake imejijenga kubeba mzigo. Mti ulionyooka kama nguzo lakini umelala upande umeinama juzi juzi, na huo ndio wa kuogopa. Kama huna uhakika, tumia timazi ya fundi mwashi. Ning'iniza uzi kutoka mita 2 juu, upande shina linakolalia, upime nafasi kati ya ncha ya timazi na kitako. Andika tarehe na kipimo. Rudia kila mwezi na baada ya kila mvua kubwa, mahali pale pale. Kwa uzi wa mita 2, kila digrii 1 ya kuinama ni sm 3.5 hivi, kwa hiyo mabadiliko ya sm 2 au 3 si kosa la macho.

Shina na panda

Uyoga mgumu uliojipanga kama rafu kwenye kitako ni tunda la ukungu unaokula mbao ndani. Ukiung'oa hujaponya kitu. Gonga shina kwa nyundo ya mti ukilizunguka. Sauti nzito ni mbao, sauti ya ngoma ni uwazi. Uwazi si hukumu ya kifo. Kanuni inayotumika ni kwamba mbao nzima inayozunguka uwazi iwe angalau theluthi ya nusu kipenyo: shina la sm 60 libaki na ukuta wa sm 10 pande zote. Uwazi ukiwa na mlango ulio wazi upande mmoja, kipimo hicho hakitoshi.

Palipogawanyika kuwa panda, tazama umbo. Panda yenye umbo la U hushika. Yenye umbo la V jembamba, huku gome limekunjwa kuingia ndani, haijaungana. Ni vigogo viwili vinavyosukumana, na vikinenepa vinasukumana zaidi. Mgrevilia na mparachichi huvunjika hapo, mparachichi hasa ukiwa umejaa matunda.

Majira nayo yana tabia zake. Kuanzia Juni mpaka Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma juu ya udongo mkavu ulioshika, na mara nyingi huvunja matawi na vilele. Machi na Aprili, udongo ukiwa umeloa wiki nzima, mti mzima hung'oka na sahani yake ya mizizi, hata kwa upepo wa kawaida. Kuna pia hatari ya tatu ambayo sehemu za Mufindi zinaijua vizuri: shamba la paini likivunwa, mistari ya pembeni iliyobaki karibu na nyumba inajikuta mbele ya upepo ambao haijawahi kuupokea. Mti uliokua katikati ya wenzake ni mwembamba na mizizi yake ni ya kutegemeana. Ukiachwa peke yake, mwaka wa kwanza na wa pili ndio mbaya.

Usikate kichwa

Suluhisho la haraka ambalo kila mtu hulitaja ni kukata kilele, mti ubaki nusu. Ni kosa la gharama. Mkaratusi uliokatwa kichwa hutoa machipukizi mengi yaliyoshikwa juu juu kwenye gome; baada ya miaka minne au mitano yamekuwa matawi mazito, juu ya kidonda kinachooza. Unarudi pale pale, ila sasa ukiwa na mti dhaifu. Paini ukikatwa chini ya matawi yake yote mabichi unakufa tu.

Kinachosaidia ni kuondoa matawi makavu na kupunguza marefu yanayoelekea nyumba, bila kuzidi robo ya majani mabichi kwa mara moja. Tawi zito likatwe mara tatu: mkato mdogo chini, sm 30 kutoka kwenye shina, mkato wa juu mbele kidogo ya huo, tawi lidondoke bila kuchana gome, kisha kibaki kikatwe nje ya uvimbe ambapo tawi linaungana na shina. Usikate sawasawa na shina, na usiache kigingi.

Kwa jirani

Nenda mchana, mkono mtupu, na vipimo vyako. "Shikamoo mzee. Nimekuja tuutazame pamoja ule mlingoti, nimeona ufa kwenye udongo" hufungua mlango ambao "mti wako utatuua" huufunga. Mkikubaliana, andikeni karatasi moja: nani analipa, magogo ni ya nani, nani anatengeneza uzio ukivunjika, na nani anaondoa matawi. Hilo la mwisho lisisahaulike. Mafundi wengi huchukua magogo kama malipo, halafu wakakuachia rundo la matawi na kisiki. Mwenyekiti wa mtaa awe shahidi. Msipoelewana, pitieni kwake kwanza, kisha Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 hupatanisha tu, halihukumu. Kabla ya kukata, muulizeni afisa misitu wa halmashauri kuhusu kibali, na msipakie mbao wala kuni kwenye gari bila hati ya kusafirishia mazao ya misitu.

Siku ya kukata

Mti ulio karibu na waya wa umeme hauguswi mpaka TANESCO wakate umeme. Kamba mbichi na tawi bichi hupitisha umeme, ngazi ya chuma usiseme.

Pasipo eneo wazi la mara mbili ya urefu wa mti, mti hauangushwi mzima. Unashushwa vipande kutoka juu, kwa kamba, na mpandaji aliyejifunga mkanda. Watu hudharau uzito: kipande cha mkaratusi mbichi chenye kipenyo cha nusu mita na urefu wa mita 1 kina karibu kilo 200. Vijana wanne wakivuta kamba hawaugeuzi mti mzima ulioinamia nyumba; kamba ikikatika au wakichoka, unaenda ulikotaka kwenda.

Pakiwa na eneo wazi, anzeni asubuhi kabla upepo haujaamka. Mdomo wa mkato, yaani pengo la umbo la kabari linalokatwa kwanza, uelekee mti unakotakiwa kuanguka, kina chake robo ya kipenyo. Mkato wa nyuma uwe juu ya kona ya mdomo kwa sm 3 hadi 5, na kati yake ibaki bawaba ya mbao yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya kipenyo: sm 4 kwa mti wa sm 40. Makosa mengi ya chenso ni hapo. Fundi akikata bawaba yote, mti hauna kinachouongoza. Kabari ziwe za plastiki au mbao ngumu, si chuma. Njia ya kukimbilia isafishwe mapema, nyuma na pembeni, kamwe si nyuma moja kwa moja, kwa sababu shina huweza kurusha kitako. Mtu akibanwa au nyumba ikiangukiwa, namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Kisiki kilicho karibu na msingi wa nyumba kisichimbuliwe, kiachwe kioze. Kwenye mteremko ulio juu ya nyumba, kitu kingine kipandwe kabla mizizi ya zamani haijaoza, maana ndiyo iliyokuwa inashika udongo. Paini hauchipui tena. Mkaratusi unachipua, hivyo kisiki kikatwe karibu na ardhi, gome limenywe mpaka chini ya udongo, na machipukizi yang'olewe kila baada ya wiki tatu au nne. Ukiyaacha msimu mmoja wa mvua, yatakuwa yamekupita kichwa.