Taa za ukungu kwenye pikapu: kazi inaanzia kwenye betri

Ukipandisha kutoka Uyole, hapa Mbeya, kwenda Tukuyu, ukungu wa Isyonje hauna saa maalumu. Unaweza kuukuta saa nne asubuhi, mnene kiasi kwamba lori linalokuja unalisikia kabla hujaliona. Ndiyo maana wateja wangu wengi ni watu wa viazi, wenye pikapu zinazoingia Kikondo kabla hakujapambazuka na kurudi usiku na lumbesa. Wanafika na taa mkononi, wameshanunua Mwanjelwa, na maneno ni yale yale: "Fundi, nifungie tu hizi, unganisha na waya wa hedilaiti twende."

Sifungi hivyo. Waya na swichi ya hedilaiti vilipimwa kiwandani kwa ajili ya balbu zake. Ukiongeza taa mbili juu yake, kinachopata joto kwanza ni vile vipande vidogo vya chuma vinavyogusana ndani ya mkono wa swichi pale kwenye usukani, na siku vikiyeyuka unabaki gizani, taa zote zimekufa, upo kwenye kona.

Nilipokuwa bado najifunza kazi nilifunga taa mbili kwenye Hilux ya baba mdogo. Nilichukua moto moja kwa moja kwenye betri, nikapitisha waya pembeni ya redieta, nikaupeleka hadi swichi ya dashibodi. Taa ziliwaka vizuri na baba mdogo alifurahi. Fyuzi sikuweka. Baada ya miezi michache ukingo wa bati ulikuwa umeusugua waya hadi shaba ikatokeza na kugusa bodi. Alikuwa Igawilo anashusha mzigo, akaona moshi chini ya boneti, na alipokimbilia kung'oa kichwa cha betri aliungua viganja. Swichi ya zile taa ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Waya unaotoka kwenye betri una moto usiku na mchana hata kama taa zimezimwa, na hakuna swichi ya dashibodi itakayouokoa ukipiga shoti njiani.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachofunga leo ni fyuzi, kwenye waya wa chanya, isizidi sentimita 20 kutoka kwenye kichwa cha betri. Kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi wowote, kwa hiyo kiwe kifupi kadiri inavyowezekana. Chukua nyumba ya fyuzi yenye kifuniko cha kuzuia maji.

Ukubwa wake unapatikana kwa hesabu ndogo. Jumlisha wati za taa zako, gawa kwa 12. Taa mbili za halojeni za wati 55 ni wati 110, yaani ampea 9 na kidogo. Hapo naweka fyuzi ya 15 na waya wa milimita mraba 2.5. Fyuzi ipo kwa ajili ya waya, kwa hiyo iwe kubwa kidogo kuliko mahitaji ya taa na ndogo kuliko uwezo wa waya. Ikikata, tafuta kilichoikata. Nimefungua magari ambayo fyuzi imezungushiwa karatasi ya pakiti ya sigara, na mwenye gari ana watoto anaowapakia nyuma kila Jumapili.

Taa za LED usiziamini kwa kilichoandikwa kwenye boksi. Mara nyingi wati zimetiwa chumvi. Weka mita kwenye ampea 10, uiunganishe katikati ya njia ya umeme, washa, usome. Taa moja ya mteja ilikuwa imeandikwa wati 120, mita ikasoma ampea 4 na ushee. Ukijua namba ya kweli unanunua fyuzi ya kweli.

Sasa waya. Usitumie waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene. Barabara ya Kikondo inautikisa mpaka unakatikia ndani ya ganda lake na wewe huoni. Tafuta waya wa gari wenye nyuzi nyingi nyembamba. Kabla ya kulipa, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme kidogo kuliko shaba ya unene ule ule, na inaoza haraka ikikutana na maji. Mrudishie muuzaji.

Shika spana sasa. Anza kutoa hasi ya betri, na iwe ya mwisho kurudishwa. Ukianza na chanya, spana ikiteleza ikagusa bodi unapiga shoti ya betri nzima mkononi mwako.

Rilei ndiyo sehemu inayowatisha watu, na haina haja ya kutisha. Umeme mdogo wa swichi, chini ya robo ampea, unaivuta, nayo inaruhusu umeme mkubwa upite kwenda kwenye taa. Miguu yake ina namba. Mguu wa 30 unapokea moto unaotoka kwenye fyuzi. Wa 87 unapeleka kwenye taa. Wa 86 unapokea moto mdogo kutoka kwenye swichi, na wa 85 unakwenda bodi, yaani kwenye chuma cha gari kinachorudisha umeme kwenye hasi ya betri. Kama kuna mguu wa tano, 87a, huo una moto wakati rilei imelala. Uache mtupu na uufunike, kwa sababu ukiunganisha taa hapo zitawaka kila ukizima swichi. Ifunge rilei miguu ikitazama chini, ili maji yasikae ndani.

Swichi ya taa za ukungu naichukulia moto kwenye mstari wa taa ndogo. Dereva akizima taa za gari, na hizi zinazima, hata akisahau swichi yake. Betri iliyokufa Kikondo saa kumi usiku, na baridi ile ya Julai, si jambo la kumtakia mtu.

Spotilaiti za kumulika mbali ni habari nyingine. Hizo lazima zizime zenyewe dereva anapopunguza taa, maana anayekuja mbele yake huenda anateremka Kitonga na tani thelathini mgongoni. Mguu wa 86 basi unafuata waya wa fulu. Ila pima kwanza kwa taa ya majaribio. Toyota nyingi za zamani hazikati moto wa hedilaiti; zinakata upande wa bodi. Kwenye gari la namna hiyo soketi ya taa ina waya mmoja wenye moto muda wote taa zikiwa zimewashwa, na waya wa fulu unapata bodi pale tu unapowasha fulu. Ukifunga kama kawaida, rilei haitafanya kazi unavyotaka, na mafundi wengi hupoteza siku nzima hapo. Dawa yake: 86 iende kwenye ule waya wenye moto, na 85, badala ya kwenda bodi, iende kwenye waya wa fulu ikipitia swichi yako. Ukiwasha fulu rilei inavuta, ukipunguza inaachia.

Kupitisha waya kwenda kabini, tafuta tundu lililopo tayari lenye raba, kwenye bati linalotenganisha injini na kabini. Ukilazimika kutoboa, angalia kwanza upande wa pili kuna nini, laini kingo kwa tupa, weka raba mpya. Njia nzima ivishe bomba la plastiki lenye mikunjo, ifunge kila baada ya kiganja kimoja na nusu, na ikae mbali na bomba la moshi, feni na shafti ya usukani. Kabla tu ya kuingia kwenye taa, acha waya uning'inie kidogo kama tumbo halafu upande, ili maji ya mvua yadondokee pale chini badala ya kuufuata hadi ndani ya taa. Mvua za Tukuyu hazisamehi kiungo kibovu.

Viungo vyote bana kwa koleo lake, kisha vuta kwa nguvu. Kikitoka, hakikuwa kiungo. Kusokota nyuzi na kuzungushia tepu hakufai kwenye gari. Tepu inaachia gundi ikipata joto la injini.

Bodi ndiyo inayonyimwa heshima kuliko vyote. Taa ikiwaka hafifu au ikipepesa, naanzia hapo. Kwangua rangi kwa msasa hadi chuma king'ae, funga taminali ya pete kwa boliti na washa yenye meno, kaza, kisha paka grisi juu yake. Kuwahi kufunga juu ya rangi ni kuifanya kazi mara mbili.

Rudisha betri, washa injini, washa taa, subiri dakika 20. Halafu zima injini, pitisha vidole kwenye kila kiungo, nyumba ya fyuzi, miguu ya rilei. Popote penye joto la kukusumbua, fungua urudie. Pima volti kwenye betri, kisha kwenye taa, vyote injini ikiwa inaunguruma na taa zimewaka. Tofauti ikizidi nusu volti, rudi kwenye bodi na viungo.

Kulenga nafanya jioni, pikapu ikiwa na mzigo. Gari tupu linadanganya: ukishapakia lumbesa nyuma, pua inainuka na taa zinamulika macho ya watu. Taa za ukungu zikae chini ya hedilaiti, kwa sababu mwanga unaotoka juu unagonga ukungu na kukurudia usoni kama ukuta mweupe. Kwa hiyo ile taa ndefu ya kwenye paa izime ukiingia ukunguni. Simamisha gari mita 7 na nusu kutoka ukutani, pima urefu wa taa kutoka chini, chora mstari kwa chaki ukutani sentimita 10 chini ya urefu huo. Ukingo wa juu wa mwanga ukae kwenye chaki. Kaza nati, kaa kwenye kiti cha dereva utazame, kisha shuka ukaze tena.