Kupaka Upya Rimu za Aloi: Rangi ya Unga au Rangi ya Kawaida

Rimu ya aloi iliyochakaa isipelekwe kwa mpaka rangi kabla haijavuliwa tairi, ikaoshwa pande zote mbili na kukaguliwa kwenye mwanga wa kutosha. Kupinda hakujifichi, kwa kuwa mashine ya kubalansi magurudumu hukuonyesha mara moja. Kinachohitaji jicho ni ufa, ambao aghalabu hukaa kwenye ukingo wa ndani, mahali panapopokea kishindo cha mashimo ya barabarani. Njia ya zamani ya gereji ingali inafaa: pakaza mafuta ya taa sehemu unayoitilia shaka, subiri kama dakika 15, futa hadi pakauke kabisa, kisha nyunyizia unga wa chaki nyeupe. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda yenyewe na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Rimu ya namna hiyo haifai kupakwa chochote, kwa sababu rangi nzuri juu ya ufa humdanganya mwenye gari leo na mnunuzi wa kesho.

Rimu ikiwa nzima, ndipo uchaguzi wa rangi unapokuwa na maana. Rangi ya unga ni plastiki iliyosagwa laini, na kwa kazi za juani huwa ya poliesta. Ile ya epoksi peke yake hupauka upesi kwa jua na inafaa kuwa praima tu. Unga hupulizwa kwa bunduki inayoupa chaji ya umeme huku rimu ikiwa imeunganishwa na waya wa ethi, ukashika, kisha rimu ikaingizwa kwenye tanuri la nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, ambako unga huyeyuka na kuwa ngozi moja yenye unene wa mikroni 60 hadi 100 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Ngozi hiyo hustahimili kokoto na vumbi la breki kuliko rangi ya kawaida. Udhaifu wake ni kwamba haizibwi viraka: ikibanduka mahali pamoja, rimu nzima huvuliwa rangi na kuanzwa upya.

Jambo ambalo wateja wengi hawaliulizi ni joto. Rimu nyingi za kumiminwa huimarishwa kiwandani kwa kupashwa hadi karibu nyuzi 540, kupozwa ghafla, kisha kuachwa kwa saa kadhaa kwenye joto la nyuzi 150 na kitu. Kuokwa mara moja kwa nyuzi 180 kwa dakika 20 hakuidhuru rimu kwa kiasi cha kutia hofu, lakini tanuri linalopanda kupita nyuzi 200 bila mtu kujua, au kuokwa mara nyingi kwa sababu kazi imeharibika, hulainisha aloi, na ulainifu huo hauonekani kwa macho. Kwa hiyo muulize mwenye tanuri anapima joto la hewa au la rimu yenyewe, kwa kuwa kitovu kinene hupata joto polepole kuliko ukingo. Ikiwa hana jibu, mimi ningechagua rangi ya kawaida iliyopakwa vizuri bila kusita.

Kazi kubwa, kwa njia zote mbili, ni kuvua rangi ya zamani. Usikubali rimu itumbukizwe kwenye kostiki soda, kwani hiyo hula alumini yenyewe, wala isichomwe kwa moto wa gesi. Itumike dawa ya kuvulia rangi iliyotengenezwa kwa alumini, au ipigwe kwa chembe za kioo au za oksidi ya alumini kwa mgandamizo wa wastani. Chembe za chuma huacha masalia yanayochochea kutu. Maeneo ya pwani utakuta chini ya klia, yaani tabaka angavu la juu, vinyweleo vyeupe vinavyotambaa kutoka kwenye kila mkwaruzo. Hiyo ni kutu ya alumini iliyoanzishwa na chumvi, na lazima iondolewe yote, maana itaendelea kutambaa chini ya rangi mpya. Rimu yenye kromu ivuliwe kwanza na wanaofanya kazi ya kromu.

Kwa rangi ya unga, rimu tupu iokwe kwanza kwa joto lililozidi kidogo lile la kukaushia, bila kuvuka nyuzi 200, ili hewa na mafuta yaliyomo kwenye vitundu vya aloi yatoke. Ukiruka hatua hii, yatatoka baadaye na kuacha vishimo kama vya sindano. Puti ya kawaida haivumilii tanuri, hivyo mikwaruzo mirefu isawazishwe kwa msasa. Pembe za ndani kati ya mikono ya rimu huukwepa unga wenye chaji, na fundi hulazimika kupunguza volti ili zifikike. Hapo ndipo utamtofautisha aliyezoea rimu na aliyezoea fremu za madirisha.

Kwa rangi ya kawaida, sugua kwa msasa namba 180, kisha 320, futa kwa kiondoa mafuta, na usiiguse tena kwa mkono mtupu. Paka praima ya epoksi au ya kung'ata alumini, puti ikihitajika, msasa namba 400 au 600, rangi kwa tabaka nyembamba mbili au tatu zinazopishana dakika 10 hadi 15, na mwisho klia ya kuchanganywa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha. Siku yenye unyevu mwingi tumia thina inayokauka taratibu, la sivyo rangi itafanya ukungu. Klia hiyo ina isosiyanati, sumu inayoweza kuanzisha pumu. Barakoa ya kitambaa haikingi chochote, na fundi anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba.

Iwe unga au rangi, zibwe kabla ya kupaka sehemu nne: tundu la kitovu, uso wa nyuma unaoegemea habu (kitovu cha gari ambacho rimu hufungwa juu yake), mashimo zinamokalia nati na mahali pa kukalia tairi. Rangi nene chini ya nati hubonyea gari likitembea, na nati ikalegea. Wakati wa kufunga, kaza kwa mpangilio wa kuvukana, yaani nati moja kisha ya upande wa pili, hadi kipimo cha kitabu cha gari, ambacho kwa Toyota nyingi ndogo ni newtoni mita 103, na ukazikague tena nati zote baada ya kilomita 50 hadi 100.