Namna ya kupiga muziki wa zamani kwenye Bonane (Mwaka Mpya) ya familia, Lubumbashi

Sahani ya 45, ile ndogo ya muziki inayozunguka mara 45 kwa dakika, haina nafasi kubwa, kwa hiyo wimbo wa rumba wa miaka ya sabini mara nyingi ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza maneno, upande wa pili sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea. Bonane yangu ya kwanza kupiga muziki, kwenye parseli (ua wa nyumba) moja ya Katuba, mtaa wa Lubumbashi, jambo hilo halikunipitia kichwani. Upande wa kwanza ukaisha. Watu wamebaki wameshikana viunoni, mimi naishika sahani gizani, naigeuza, nafuta vumbi kwa shati, natafuta mahali pa kuweka sindano. Sekunde ishirini za kimya. Nkambo (babu) mmoja, aliyekuwa amesimama kwa mara ya kwanza tangu jioni, akasema, "Bon, imeisha," akarudi kwenye kiti chake cha plastiki. Hakuinuka tena mpaka alfajiri.

Mzee huinuka mara moja. Kijana ukimharibia wimbo atasubiri mwingine, lakini mtu wa miaka sabini na magoti yake amepima, ameamua, amesimama, na ukimpotezea dakika hiyo umempoteza usiku mzima. Haya nitakayoeleza ndiyo ninayofanya sasa ili asikae.

Hatua ya 1: Andika majina ya watu kabla ya majina ya nyimbo

Wiki tatu kabla ya sikukuu, chukua karatasi, muulize mwenye nyumba nani anakuja na ana umri gani. Kisha piga hesabu: mtu hucheza maisha yake yote nyimbo alizozisikia kati ya miaka 15 na 25. Tantini (shangazi) aliyezaliwa 1960, muziki wake ni wa 1975 hadi 1985. Huyo mpe Zaiko Langa Langa (kundi lilizaliwa Kinshasa tarehe 24 Desemba 1969, mkesha wa Noeli kabisa), mpe Franco na TPOK Jazz, halafu usiwasahau ABBA na Boney M. Vijana wanawacheka Boney M, lakini ukitaka kuona mama wa kwaya akisahau kwamba ana kwaya, weka mojawapo ya nyimbo zao za Noeli. Siri ndogo ya kuwachekesha wageni: sauti nzito ya kiume kwenye sahani zao za zamani ni ya mtayarishaji wao Mjerumani, Frank Farian. Yule Bobby Farrell tuliyemwona akiruka na kifua wazi alikuwa mchezaji.

Nkambo aliyezaliwa 1942 ni hesabu nyingine: 1957 hadi 1967. Hapo ni African Jazz ya Grand Kallé, Tabu Ley Rochereau akiwa bado kijana, na gitaa la kwetu la Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 pale Jadotville, Likasi ya leo. Yaya (kaka au dada mkubwa) wa miaka ya tisini atataka Wenge Musica, mpe, ila baadaye.

Uliza pia nani alikulia karibu na mpaka wa Zambia. Kutoka hapa hadi Kasumbalesa ni kama kilomita 90 tu, na ng'ambo yake, kwenye miji ya shaba kama Kitwe na Chingola, vijana wa miaka ya sabini walikuwa wakipiga roki ya magitaa yenye mikwaruzo, ile iliyokuja kuitwa Zamrock. WITCH, Amanaz, Ngozi Family. Kuna matonto (wajomba) hapa mjini wenye mvi na suti za kanisani ambao ukiweka WITCH wanaanza kutikisa kichwa peke yao kwenye kona. Usiwapangie wengi. Nyimbo mbili zinatosha, kwa sababu wake zao wataketi.

Hatua ya 2: Kusanya sahani na kaseti, uzioshe

Sahani ziko chini ya vitanda vya watu. Omba kwa heshima, nenda mwenyewe kuzichukua, andika jina la mwenyewe kwenye kipande cha karatasi ndani ya kila bahasha, na sema siku utakayorudisha. Usibandike kitu chochote kwenye bahasha yenyewe.

Vumbi letu jekundu la kiangazi huingia kwenye mifereji ya sahani na kukaa humo kama saruji. Maji ya uvuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Futa kwa kuzunguka, ukifuata mifereji, usikate kutoka katikati kwenda nje. Lebo ya katikati isiguswe na maji. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi, yale yaliyotoneshwa ya kuongezea betri ni mazuri (si tindikali yake), kisha isimamishe wima ikauke kivulini. Juani itapinda kama chapati.

Ukipewa sahani nzito ya 78, ngumu, inayovunjika kama kigae, usiikaribie na alkoholi. Zile zilitengenezwa kwa utomvu wa shelaki na alkoholi huuyeyusha. Pia usiipige kwa sindano ya kawaida: sindano ya 78 ni nene karibu mara tatu, na ile nyembamba itasota chini ya mfereji na kukuletea mikwaruzo mitupu.

Kaseti ni rahisi zaidi. Tia kalamu ya risasi kwenye tundu, zungusha mpaka utepe ukaze, kisha ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe nyuma yote kabla ya kuipiga. Kichwa cha redio kifute kwa pamba yenye alkoholi, pamoja na kile kigurudumu cha mpira kinachovuta utepe. Kikiwa kinanata, ndicho kinachokula kaseti za watu.

Hatua ya 3: Hamisha kwenye kompyuta na uunganishe pande mbili

Hapa ndipo kazi ilipo, jipe siku nne au tano. Najua wapo wanaopenda kupiga sahani yenyewe mbele ya watu, nami napenda kuiona ikizunguka. Lakini kwenye parseli ambako watu arobaini wanaruka, sindano nayo itaruka. Hamisha.

Santuri, ile mashine inayozungusha sahani, inahitaji kupita kwenye amplifaya yenye tundu la santuri (PHONO), si tundu lolote, la sivyo sauti itakuwa nyembamba kama ya nzi kwenye chupa. Toka kwenye amplifaya kwa waya hadi kompyuta. Mimi natumia Audacity, ni ya bure na haidai intaneti. Weka 44,100 Hz, piga kwanza sehemu yenye kelele zaidi ya wimbo, rekebisha mpaka kilele kifike karibu na −6 dB, kisha rudi mwanzo na urekodi. Hifadhi kama WAV. MP3 utatengeneza mwishoni.

Rekodi upande wa kwanza na wa pili kwa mkao mmoja, bila kuizima santuri. Mkanda wa mpira ukiwa umelegea, mwendo hubadilika kutoka siku moja hadi nyingine. Niliwahi kurekodi upande mmoja Jumatatu na mwingine Alhamisi, nilipoviunganisha gitaa likawa limeshuka karibu nusu sauti, kana kwamba mpigaji amelewa katikati ya wimbo.

Kuunganisha kwenyewe ni hivi. Upande wa kwanza mara nyingi huisha kwa kufifia. Rudi nyuma mpaka mahali ambapo sauti bado imejaa, vaa hedifoni, hesabu mapigo manne pamoja na ngoma. Tafuta lile pigo la kwanza, kwenye picha ya sauti utaliona kama mwiba mrefu. Kata hapo hapo, kabla ya mwiba. Nenda upande wa pili, tafuta pigo la kwanza lililo safi, kata hapo pia. Bandika. Sikiliza ukiwa umesimama, ukitembea kwa mwendo wa wimbo. Mguu wako ukijikwaa, umekosea. Rudia. Wimbo mmoja unaweza kunichukua saa nzima, na sioni aibu kusema hivyo.

Mwisho, linganisha sauti za faili zote. Rekodi za zamani ziko chini kuliko za siku hizi, na ukipitisha wimbo wa mwaka huu katikati ya wa 1968 bila kurekebisha, wazee wataziba masikio.

Hatua ya 4: Umeme

Usitegemee kurani (umeme wa mtaa) ya usiku wa Bonane, mtaa mzima unaivuta. Hesabu unachohitaji: mabafle (spika) mawili yenye amplifaya ndani, wati 500 kila moja; miksa na kompyuta, 150; taa, 100. Hiyo ni 1,250. Mwenye nyumba atakuja kukuomba uunganishe na frigo ya bia. Mkatalie. Frigo ikianza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya kiwango chake, taa zinafifia na amplifaya inakohoa. Jenereta ya kilowati 2 na nusu kwa muziki peke yake inatosha kabisa. Bia ikae kwenye beseni la barafu, bia yetu ya Simba haijui tofauti.

Jenereta iwe nje, nyuma ya ukuta, moshi ukielekea upande usio na watu wala madirisha. Usiiingize chini ya paa hata mvua ikinyesha, moshi wake huua watu kimya kimya. Kompyuta iwe na betri iliyojaa.

Hatua ya 5: Mahali na mvua

Desemba ni mvua, hakuna mjadala. Watu wengi hukimbilia barazani chini ya malata (mabati), na mvua ya hapa ikigonga malata hakuna bafle litakaloishinda. Turubai zito nje ni bora: mvua inasikika kama mchanga, muziki unapita juu yake. Pandisha mabafle kwenye matofali manne kila moja, nyaya zote zipite juu. Viti vya wakambo viwe pembeni ya bafle, kamwe si mbele yake.

Kuhusu mabafle yenyewe: vijana wanapandisha besi mpaka mwisho. Rekodi za miaka ya sitini hazikuwa na besi ya namna hiyo. Ukiisukuma unapata ngurumo tu, na magitaa matatu yaliyokuwa yakizungumza yanazama. Shusha chini, pandisha katikati, ambako sauti ya mtu na gitaa vinakaa.

Waambie majirani siku mbili kabla. Ukiwaalika ni bora zaidi.

Hatua ya 6: Mavazi na chakula

Sema mapema kwamba ni usiku wa zamani, watu wenyewe watafungua masanduku. Utaona bugaluu (suruali pana chini), utaona liputa (vitenge) zilizokunjwa tangu harusi ya mtu, na lazima atakuja papa (baba) mmoja na suti yake ya abakosti, shingo imefungwa, hana tai, kama Mobutu alivyotaka. Chakula mwachie mwenye nyumba: bukari (ugali), sombe (kisamvu), michopo (nyama choma), vinkubala (viwavi) vikipatikana. Wewe omba tu kwamba kisipakuliwe saa sita usiku.

Hatua ya 7: Mpangilio wa usiku

Saa mbili hadi saa nne, watu wanafika na kula. Gitaa la Mwenda, polepole, sauti ya chini kiasi cha watu kusalimiana. Usijaribu kuwachezesha.

Saa nne hadi saa tano na nusu, rumba laini, kisha ABBA na wenzao kwa ajili ya mama na watoto wao pamoja. Watoto wacheze sasa, baadaye watalala kwenye makochi.

Kosa ninaloliona kila mwaka ni dijei kumaliza sebene zote kabla ya saa sita. Nusu ya watu wako bado wako kanisani kwenye mkesha! Wanafika saa sita na nusu, saa saba, wana njaa, wana furaha, na hao ndio wanaojua nyimbo. Tonto wangu mmoja hufika mwisho kila mara, na kila mara hutusimulia jinsi serikali ya Mobutu ilivyoifuta Noeli kwenye orodha ya sikukuu mwaka 1974, akaenda kazini tarehe 25 kama siku yoyote. "Bonane ndio walituachia," anasema, na anaicheza kama mtu anayedai deni.

Saa sita kamili zima muziki. Ndiyo, zima. Waache watu wahesabu, wapige sufuria, walie kidogo, wasali. Dakika tano nzima. Kisha weka wimbo wa mtu mkubwa kuliko wote aliye hapo, ule uliouandika kwenye karatasi ya hatua ya kwanza. Sebene baada ya huo, bila kupumzika, hadi kanisa lote liwe limefika. Zamrock kama saa nane, Wenge baada ya hapo, vijana wachukue uwanja.

Bonane iliyopita nilialikwa tena kwenye parseli ile ile ya Katuba. Nkambo yupo, kiti kile kile. Dakika tano zilipoisha niliweka wimbo wake, faili moja yenye dakika 8 na sekunde 40. Maneno yakafika mwisho, nikajikuta nimeshika pumzi, sebene ikaingia bila mwanya. Alicheza zote. Zilipoisha alinijia moja kwa moja, ameshika fimbo yake kwapani, akainama sikioni.

"Mutoto," alisema, "ile ya chini inagonga sana. Punguza."

Nikapunguza. Akabaki amesimama pale pale, anangoja unaofuata.