Kuzoesha miche ya migomba ya tishu kwa joto la Dar

Mche wa tishu, yaani mche wa mgomba uliozalishwa maabara kutoka kwenye kichipukizi kidogo, ulibebwa kama yai huko ulikotoka. Ulikula sukari iliyochanganywa kwenye jeli, hewa yake ilijaa unyevu na mwanga ulikuwa wa taa. Majani yake yana nta kidogo mno, na vitundu vyake vya kupumulia bado havijajua kujifunga. Ukiutoa na kuuweka juani saa sita mchana, maji yote hutoka majanini kabla mizizi haijavuta hata tone. Ndiyo maana miche mingi hufia kitaluni kabla ya kufika shambani.

Februari moja nilipoteza trei nzima. Nilifunua nailoni iliyofunika miche saa saba mchana, nikaenda kuongea na mteja getini, dakika ishirini hazikufika. Niliporudi majani yalikuwa yamelala kama kitambaa kilicholowa, na hayakuinuka tena.

Kabla ya kuchukua miche. Maabara zipo, hata TARI Mikocheni, kituo cha utafiti wa kilimo hapa hapa mjini, wanafanya kazi ya tishu. Popote utakapoagiza, uliza mambo mawili: je, mgomba mama ulipimwa virusi, na vichipukizi vyake vimegawanywa na kuzidishwa mizunguko mingapi? Kukuza kutoka kwenye kichipukizi kidogo huondoa fukusi, minyoo ya mizizi na kuvu wa mnyauko, lakini virusi huweza kupita humo humo. Mizunguko ikizidi, miche yenye kasoro nayo huongezeka. Aina ya mgomba ichague kwa soko: ukipita soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo utaona mwenyewe kama wanunuzi wanagombania ndizi za mzuzu au za mshare.

Ukitaka kupanda masika yanapoanza Machi, toa miche chupani Desemba.

Hatua ya 1: maji na udongo. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi, na mche huu hauivumilii. Tumia maji ya mvua, au ya bomba yaliyolala usiku kucha kwenye ndoo iliyo wazi ili klorini itoke. Changanya kwa vipimo sawa mchanga uliooshwa, pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi, na makumbi ya nazi yaliyosagwa. Makumbi yaloweke na kumwaga maji mara kadhaa, nayo yana chumvi. Pika mchanganyiko kwa mvuke kwenye pipa kwa saa moja, uache upoe. Samadi bado.

Hatua ya 2: kuosha. Fanya jioni, kivulini. Tia maji ya vuguvugu kwenye chupa, tikisa taratibu, kisha vuta kifungu chote. Shika mche mmoja mmoja pale shina linapoanzia, usiushike mizizi. Utaona jeli imeng'ang'ania katikati ya mizizi kama ute wa bamia. Isugue kwa ncha za vidole ndani ya beseni hadi mizizi iachie na isiteleze tena. Usiwe na haraka hapa, kwa sababu sukari ikibaki huita ukungu na sisimizi ndani ya siku tatu. Panga miche kwa ukubwa, uipande kwenye trei zenye mchanganyiko ule uliopoa, midogo trei yake.

Hatua ya 3: wiki mbili za nailoni. Pinda vijiti juu ya trei, funika kwa nailoni angavu, yote yawe chini ya neti ya kivuli kizito. Asubuhi nailoni iwe na matone kwa ndani. Yakikauka kabla ya saa nne, nyunyiza ukungu mwembamba wa maji. Siku saba za kwanza usifunue kwa kitu kingine chochote. Siku ya nane inua ukingo mmoja saa moja hadi saa mbili asubuhi, na kila siku ongeza saa moja. Ikifika siku ya kumi na tano, nailoni iondoke kabisa.

Majani ya maabara yataanza kukauka, usiogope. Tazama katikati: jani jipya lililojiviringa kama sigara likichomoza, hilo limeumbika kwenye hewa yetu na lina nta yake. Mche huo umeshika.

Hatua ya 4: viriba. Hamishia miche kwenye viriba, yaani mifuko ya kuoteshea, yenye udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, punguza kivuli kidogo kidogo kwa wiki sita hadi nane. Mche wenye majani yenye mabaka meupe au uliodumaa sana kuliko wenzake, ung'oe. Tafadhali usimuuzie mtu kwa bei ya chini; atautunza mwaka mzima bila kupata mkungu wa maana.

Hatua ya 5: shamba. Shimo la sentimita 60 kila upande, nafasi ya mita 3 kwa 3, samadi debe moja au mawili. Jambo moja nasisitiza kwa kila anayechukua miche kwangu: mche wa tishu ni safi, lakini hauna kinga. Kama shamba liliwahi kuwa na mnyauko wa Panama, kuvu wake hukaa ardhini miongo mingi, na aina za migomba kama ile ya ndizi kisukari zitakufa tena pale pale. Uliza majirani historia ya eneo kabla hujachimba shimo la kwanza.