Mimea ya bwawani Malagarasi: kata shina kwanza, jina baadaye

Katika bonde la Malagarasi-Muyovozi, magharibi mwa Tanzania, lililoingia mwaka 2000 orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, ukiuliza jina la chochote kirefu kilichoota majini utajibiwa "mafunjo". Ukiandika hivyo tu kwenye orodha yako ya mimea, mimea mitatu tofauti itakaa mstari mmoja.

Beba kisu kikali, rula, magazeti makavu, ndoo na kalamu ya risasi, maana wino hutawanyika ukilowa. Nenda na mvuvi anayejua wanakolala viboko na mamba. Vaa buti, kichocho kipo.

1. Tazama mmea umekaaje: umesimama wima na mizizi topeni, una mizizi chini na majani juu ya maji, unaelea, au umezama wote. Kiangazi maji yakishuka, mimea ya kuelea hukwama topeni ukadhani imeota hapo. Uvute: wa kuelea hutoka bila kushindana nawe.

2. Kwa mirefu, kata shina. Likiwa pembetatu, limejaa uboho mweupe, halina vifundo na kileleni lina mwavuli wa nyuzi, ndiyo mafunjo yenyewe, Cyperus papyrus. Kata juu karibu na kichwa. Chini kona hufifia, na wengi hukosea hapo. Shina la duara, lenye uwazi ndani na vifundo, ni tete. Majani bapa yaliyopangana pande mbili, na suke la kahawia kama soseji, ni Typha.

3. Jani la duara lenye mpasuko hadi kwenye kikonyo ni yungiyungi. Gugumaji hujulikana kwa vikonyo vilivyovimba, lakini likisongamana vikonyo hurefuka na uvimbe hupotea. Hapo tafuta ua la zambarau lenye doa la njano.

4. Sasa uliza jina. Andika la Kiha au Kinyamwezi pamoja na kijiji, na uulize watu wawili, kila mmoja peke yake, ukiwaonyesha mmea wenyewe, si picha ya simu.

5. Kausha sampuli kwenye magazeti chini ya uzito, ukibadilisha magazeti kila siku mwanzoni. Mafunjo yakunje kama herufi N. Mimea iliyozama ielee kwanza ndooni, kisha pitisha karatasi chini yake uinue taratibu. Ukiikamata kwa vidole inashikamana kama uzi uliolowa.