Makato ya mashine ya kadi Moshi: jinsi ya kuyapinga ukiwa mbali

Dada yangu ndiye anayeendesha nyumba yetu ya wageni pale Rau, Moshi. Mimi naishi Ujerumani. Mgeni mmoja aliyeshuka Kilimanjaro alilipa kwa kadi shilingi 2,000,000. Kwenye akaunti zikaingia 1,905,600. Dada hakushtuka, akaniambia benki lazima wakate. Sawa, wakate, lakini mkataba wetu ulisema asilimia 3.

Piga hesabu hii na kwako. Asilimia 3 ya milioni mbili ni 60,000. Juu ya ada hiyo kuna VAT ya asilimia 18, yaani 10,800. Jumla ni 70,800, nasi tulikatwa 94,400. Nilipoigeuzageuza hesabu nikagundua kwamba 94,400 ni asilimia 4 kamili pamoja na VAT. Benki ilikuwa imepandisha ada ya kadi za nje bila kututumia hata barua. Kwa nyumba inayotegemea wapanda mlima, karibu kila kadi ni ya nje. Iliniuma sana, maana dada hulipa mishahara ya watu wanne kwa fedha hizo hizo.

Kwa hiyo usibishane na benki kwa maneno. Mwombe aliye nyumbani akutumie kwa simu picha za karatasi ya kufungia siku inayotoka kwenye mashine, pamoja na taarifa ya akaunti ya mwezi huo. Kaa nazo jioni moja, muamala kwa muamala.

Ujue pia unachoweza kudai. Sehemu ya makato huenda kwa benki iliyompa mgeni kadi, sehemu huenda kwa mtandao kama Visa au Mastercard, na inayobaki ni ya benki yenye mashine. Hiyo ya mwisho, na ada ya mwezi ya kukodi mashine kama mnatozwa, ndiyo ya kujadiliana.

Tulioko Ulaya tuna kosa letu. Tunasikia kwamba tangu Desemba 2015 Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 0.2 kwa kadi za debiti na 0.3 kwa kadi za mkopo, kisha tunamdai meneja wa Moshi hivyo hivyo. Kikomo hicho hakimfungi yeye, na hata huku kinahusu ile sehemu ya benki ya mwenye kadi tu. Hoja yenye nguvu ni mkataba wenu wenyewe, na bei ya benki nyingine. Dada alizunguka benki mbili karibu na Mnara wa Saa asubuhi moja akarudi na bei zao kwa maandishi.

Barua isainiwe na mwenye akaunti. Wewe wa mbali bila barua ya idhini hutasikilizwa. Taja tarehe, kiasi cha kila muamala na kifungu cha mkataba. Jibu lisiporidhisha, peleka lalamiko Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi Arusha na hushughulikia malalamiko ya wateja chini ya kanuni za 2019. Watakuuliza kwanza kama ulianza na benki yako, kwa hiyo nakala ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Lalamiko letu halikufika huko: baada ya barua ya pili tulirudishiwa tofauti ya miezi mitatu.